Bipu ya Ijumaa Saa Kumi

Watu wa mtaa wake pale Rujewa watakuambia kwamba Esnath ni mama wa maombi, na watakuambia kama mtu anavyokuelekeza duka la dawa. Mtoto ana homa isiyoshuka, kamwite Mama Lutengano. Kijana amefeli mtihani mara ya pili na amegoma kula, kamwite Mama Lutengano. Naye anakuja, kanga begani, anawashika watu mikono, anaomba kwa sauti ya chini, na mpaka afike kwenye amina nusu ya waliomo chumbani wanalia. Yeye halii. Hakuna aliyewahi kuligundua hilo, maana kwenye maombi watu wote wanafumba macho.

Ukweli wenyewe, ambao aliuficha kama watu wanavyoficha ugonjwa wa aibu, ni kwamba kwa miaka minne mizima Esnath alikuwa akiomba na hasikii kitu. Siyo kwamba aliacha kuamini. Mtu aliyeacha kuamini anachukua jembe lake na kwenda shambani, mambo yamekwisha. Esnath aliamini Mungu yupo, kama alivyoamini kwamba Songea ipo, huko aliko mwanawe Lutengano. Ila kutoka huko hakukuwa na habari.

Ungedhani ni msiba uliomkausha, na watu wa kanisani kama wangejua wangedhani hivyo hivyo, maana tunapenda kila kitu kiwe na sababu yake. Haikuwa hivyo. Mwaka aliofariki mumewe Jailos, sala ilikuwa tamu mpaka akaona haya. Alikuwa anapiga magoti pembeni ya kitanda anaanza tu kusema Baba, na machozi yanashuka, na moyo unatulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Ukavu ulikuja baadaye, mwaka wa mavuno mazuri, afya nzuri, hana ugomvi na mtu. Ulikuja siku ya Jumanne akiwa anasuuza sufuria. Alisema kasala kake kadogo alikozoea kukasema akisuuza sufuria, na kwa mara ya kwanza akaisikia sauti yake mwenyewe, kama mtu anayezungumza ndani ya nyumba iliyohamwa. Akadhani ni uchovu. Akangoja ipite, na miaka ikapita badala yake.

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kuliacha, nalo ni saa yake ya Ijumaa.

Saa hiyo ilianzishwa na Mchungaji Isakwisa, mtu mfupi mwenye sauti ya kutosha watu watatu, aliyekuja ushirika wao miaka sita iliyopita na kukuta watu wamepoa. Akachagua waombaji kumi na wawili. Kila Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila mmoja angeshika saa moja, na maombi yasingekatika hata dakika. Watu wa bonde letu la Usangu walilielewa jambo hilo upesi, kwa kuwa ndivyo tunavyogawana maji ya mfereji. Una saa yako, unafungulia, yanaingia majarubani kwako, na huondoki mpaka anayefuata afike. Ukiondoka mapema maji yanamwagika njiani na hayamfai mtu.

Shida ilikuwa kwamba waombaji wenyewe ni wakulima. Wiki ya kupandikiza mpunga, nani ataacha shamba aende kukaa kanisani saa tisa alasiri? Basi Mchungaji Isakwisa akatoa amri nyingine, na siku ile kila mtu aliiona ni ya busara. Omba hapo hapo ulipo. Ukimaliza saa yako, mbipu anayefuata. Iite mara moja, ukate. Anayefuata akiona jina lako anajua zamu ni yake.

"Na msipokee," aliwaambia, kidole juu. "Msianze habari za nyumbani, sijui mbolea, sijui nani kajifungua. Maneno mengi yanaharibu maombi. Bipu moja inatosha!"

Watu wakacheka, wakakubali. Haikugharimu hata senti ya vocha, na Wakristo nao wanapenda cha bure.

Esnath alipewa saa tisa hadi saa kumi alasiri. Aliyembipu yeye alikuwa Mzee Aroni, mzee wa kanisa. Aliyebipiwa na yeye alikuwa Sarah, binti wa miaka thelathini na kitu ambaye wakati ule alikuwa mwimbaji wa kwaya, mwenye macho ya kucheka, aliyekuwa akimwita dada. Mwaka wa pili Sarah akahamia Mbeya kibiashara, na Mchungaji akasema maombi hayana umbali, mnyororo uendelee. Mwaka wa tatu Mchungaji mwenyewe akahamishwa. Bipu za Mzee Aroni zikaanza kuruka Ijumaa moja moja, kisha zikakoma.

Sasa, Esnath alimwona Mzee Aroni kila Jumapili, amekaa benchi la mbele na koti lake la kahawia. Angeweza kumuuliza. Hakumuuliza, na sababu ilikuwa moja tu: aliogopa swali lingemrudia. Mzee angesema, na wewe mama, maombi yako yanaendaje? Naye angejibu nini mbele ya watu? Kwa hiyo akajisemea kwamba simu ya mzee itakuwa imeharibika, na yeye akawa anaanza mwenyewe, kwa kuangalia saa.

Kilichomshikilia hakikuwa utamu, maana haukuwepo. Ilikuwa ni Sarah. Alijua huko Mbeya, saa kumi kamili, kuna mtu ameacha shughuli zake anangoja jina la Esnath litokee kwenye kioo. Asipobipu, Sarah angengoja bure. Kwa hiyo kila Ijumaa, awe nyumbani au kwenye tuta la jaruba, Esnath alikaa saa nzima. Aliwataja wagonjwa kwa majina. Aliwataja watoto wake. Alisema Sala ya Bwana polepole, halafu tena, halafu akaishiwa, akakaa tu mikono mapajani akisikiliza ndege waharibifu wa mpunga. Mara nyingine alisinzia. Jirani yake wa shamba, Malimi, Msukuma ambaye wazazi wake walishuka Usangu na ng'ombe, alishamzoea. Saa tisa ikifika alimlindia maji yake bila kuombwa, na alikuwa na utani mmoja tu ambao hakuuchoka.

"Mama, leo umelala au umeomba?"

"Nimeomba, Malimi."

"Mbona ulikoroma?"

Kuna kipindi, miaka miwili hivi iliyopita, bipu ya Esnath ilikataa kwenda. Ijumaa baada ya Ijumaa, sauti ya yule dada wa kampuni ikimwambia namba haipatikani. Ilimuuma kuliko alivyotegemea. Alibaki na saa yake mkononi, hana pa kuiweka. Kisha Ijumaa moja simu ikaita kama kawaida, akaikata upesi, akakaa chini na kumshukuru Mungu kwa nguvu, kwamba Sarah amerudi. Katika miaka yote minne ya ukavu, hilo ndilo lililokuwa jibu la maombi pekee aliloweza kulinyooshea kidole. Alilitunza.

Mwezi Februari mwaka huu, mpunga umeshapandikizwa, maji yametanda mpaka barabarani na vyura hawasikilizani, Esnath alimaliza saa yake akiwa kwenye tuta. Saa kumi kamili akabonyeza jina la Sarah. Kabla hajaondoa kidole, simu ikapokelewa.

"Nimekukamata!" sauti ya kike ikapaza. "Haya, leo sema. We nani?"

Esnath nusura aitumbukize simu majini. Haikuwa sauti ya Sarah. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, yenye Kiswahili cha pwani kilichokaa bara muda mrefu.

"Samahani. Namtafuta Sarah."

"Sarah yupi? Hapa Iringa. Mimi naitwa Mwanakhamisi, nauza kanga na vitenge hapa mjini. Na wewe unanibipu kila Ijumaa saa kumi, mwaka wa pili sasa. Nikipiga hupokei. Kwa nini hupokei?"

Ni kweli. Mara kadhaa namba ya Sarah ilikuwa imempigia baadaye, naye hakupokea, kwa kuwa kanuni ilikuwa hakuna kupokea.

"Mume wangu Faraji ameshanuna mpaka amechoka kununa," Mwanakhamisi aliendelea. "Anasema bipu ya saa ile ile siku ile ile haiwezi kuwa ya heri, lazima ni ya bwana. Leo tumekaa wote wawili tumeikodolea macho simu. Haya, mwambie mwenyewe wewe ni nani."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti nzito ya kiume ikaja, imejiandaa kwa vita. "Halo!"

"Halo, baba. Mimi ni mama mmoja wa huku Rujewa. Mkulima."

Esnath alikuwa na miaka hamsini na sita, na sauti yake ilikuwa na miaka sabini.

"Shikamoo, mama," akasema Faraji, na simu ikarudi kwa mkewe haraka kuliko ilivyokuja.

Ilibidi Esnath aeleze. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, lakini Mwanakhamisi akaelewa. Laini ile aliinunua dukani miaka miwili iliyopita, namba iliyokuwa imeachwa na mwenyewe. Aliposikia ni maombi alicheka mpaka akakohoa.

"Miaka miwili unanikabidhi zamu ya kanisani, na mimi nimejifunga ushungi! Ila usijali, dada yangu. Saa kumi nakuwa natia udhu niswali alasiri. Sikukuangusha moja kwa moja." Kisha, kama aliyesikia upande wa pili kumekuwa kimya mno, akashusha sauti. "Umeumia, eh? Basi pole. Ukipita Iringa ulizia duka langu sokoni, unywe chai."

Esnath akamshukuru, akakata simu. Maji yalikuwa yanaingia jarubani kwake na yameshazidi, hakuyaona. Malimi ndiye aliyekuja kufunga.

"Mama, kuna msiba?"

"Hapana."

Lakini ulikuwepo. Alitembea kurudi nyumbani na ndala mkononi, akiwa mpweke kuliko siku waliyomzika Jailos, kwa sababu siku ile kulikuwa na watu. Alijiona mjinga. Miaka miwili anamkabidhi mtu hewa. Na lile jibu la maombi alilolitunza, lile moja, lilikuwa ni mama wa Iringa amenunua laini. Ilimjia kuwa kama Mungu alikuwa anaangalia, basi aliangalia tu na hakusema kitu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote.

Na chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine, ambacho alikiona alipofika nyumbani na kukaa kwenye kigoda. Sasa alikuwa na ruhusa ya kuacha. Hakukuwa na mtu anayengoja. Angeweza kuifunga saa ile na asimkosee binadamu yeyote, akabaki mama wa maombi wa kuitwa kwenye homa, macho makavu, mpaka uzee. Nani angejua? Wazo lile lilimpa raha, na raha yenyewe ikamtisha.

Kabla ya kuacha, hata hivyo, alitaka kumwona Sarah. Msidhani kwamba alikuwa na nia ya upole. Alitaka kumgombeza.

Jumapili baada ya ibada alimfuata Mzee Aroni chini ya ukuta wa kanisa. Mzee alianza kukagua vifungo vya koti lake.

"Yale maombi ya Ijumaa? Yale… simu yangu ilipata hitilafu, mama. Halafu na aliyekuwa ananibipu mimi naye akaacha. Halafu mchungaji akahama. Tukasema tutakaa tuyazungumze." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe bado unaendelea?"

"Naendelea."

"Bwana asifiwe," akasema Mzee Aroni kwa sauti ndogo kabisa, na hakuuliza lile swali ambalo Esnath aliliogopa miaka yote. Inaelekea naye aliogopa kuulizwa. Alimwelekeza tu anakouza Sarah.

Jumatano Esnath akavaa sweta, maana Mbeya si Usangu, akapanda basi, akashuka Uyole. Duka lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, mlango wa bati wa kukunja umepandishwa nusu, magunia yamepangwa na kikaratasi juu ya kila gunia. Sarah alikuwa amenenepa, kiganja chake kimejaa mchele, anampulizia mteja pumba aone ulivyo mweupe. Alipoinua macho na kumwona aliyesimama mlangoni, mchele ukamwagika.

"Dada Esnath! Shikamoo dada. Karibu. Ndaga, asante kwa kuja. Kaa, kaa hapa."

"Sikai," akasema Esnath. "Nimekuja kukuuliza. Ijumaa, saa kumi. Unaomba?"

Mteja alikuwa mwanamke mwenye haraka, na hata yeye akaona ni heri aangalie nje. Sarah alimpimia kilo zake mbili, akafunga mfuko, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi hakukaa.

"Dada, ile kitu ilishakufaga. Zamani sana. Kila mtu aliacha kimya kimya."

"Mimi sikuacha. Nimekubipu miaka sita. Miwili kati ya hiyo nimembipu Mwislamu wa Iringa, mpaka mume wake akataka kumuacha!" Hapo Esnath alitia chumvi kidogo, kwa hasira. "Namba unaitupa, hata kuniambia? Hata neno?"

"Ningekuambiaje?" Sarah naye akapandisha sauti. "Ningekuambiaje, kwa bipu?"

Halafu akakaa juu ya gunia, akajifuta uso kwa upande wa kiganja usio na vumbi la mchele, na maneno yakatoka yote kwa pamoja.

"Mimi nilikauka kabla hata sijahama. Nilikuwa napiga magoti nahesabu mabati ya paa. Sisikii kitu, dada. Hata baridi tu ya kusema nimeguswa, hakuna. Nikasema labda nina dhambi sijaitubu, nikatubu mpaka za utotoni. Hakuna. Halafu saa kumi kamili, simu yako hiyo. Kila Ijumaa. Hukukosa hata wiki uliyozika mama yako. Nikawa najiambia, huyu mtu ana moto gani? Na mimi nina nini? Ikafika mahali nikiona jina lako kwenye kioo naigeuza simu kifudifudi. Kwa hiyo nikanunua laini nyingine. Ni hivyo tu. Nilikukimbia wewe."

Esnath alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye gunia la pili. Ile hasira aliyokuja nayo toka Rujewa ilikuwa haina pa kwenda.

"Sarah," akasema. "Mimi nilikuwa nabipu ili wewe usingoje bure. Sikuwa na moto. Mwaka wa nne huu sina."

"Usinifariji, dada."

"Sikufariji. Wiki ile ya mama nilikaa saa nzima nawaza sufuria za kuazima, nani kachukua ipi. Nikabipu. Nilikuwa nashika kwa sababu yako tu. Nilidhani mwenye moto ni wewe."

Walitazamana. Nje, mtu alikuwa anapanga bei ya viazi kwa kelele. Hawakukumbatiana wala kulia, kama unavyotegemea. Sarah alikasirika upya.

"Ungesema!"

"Na wewe ungesema."

"Mimi ni mdogo. Wewe ndiyo ungesema."

Hilo lilikuwa la haki, na Esnath alilijua. Aliwawazia wote kumi na wawili, Mzee Aroni na vifungo vyake, kila mtu na saa yake, kila mtu kavu, kila mtu akidhani wenzake wanabubujika, wakipokezana mlio mmoja wa simu usiosema kitu. Iliingia moyoni kama ubaridi. Hakuna aliyewaloga na hakuna aliyewakataza kusema ukweli. Waliambiwa tu wasiongee, wakaona nafuu.

Sarah akawasha jiko dogo la mkaa nyuma ya kaunta, akateleka chai. Walipokuwa wanakunywa akauliza, sasa kwa upole, "Lakini kama ulikuwa husikii kitu, miaka yote hiyo, kwa nini hukuacha? Usiniambie ni mimi. Mimi nilikuwa nani?"

"Niliahidi saa tisa."

"Ulimwahidi nani? Isakwisa ameshahama."

"Mungu."

"Naye anasemaje?"

Esnath alizungusha kikombe. Angeweza kutoa jibu la kanisani, analo kibindoni la kila namna, na watu wengi wameondoka na majibu yake wameridhika. "Hasemi," akajibu. "Ila hajasema nisije."

Sarah aliandika namba mpya kwenye kipande cha gamba la boksi, akakiangalia kabla ya kukitoa.

"Usiniahidishe kitu, dada. Mimi sijasema nitaanza tena. Na tafadhali usinibipu."

"Sitakubipu."

Ijumaa ilikuja na mvua ya asubuhi, ikakata mchana. Saa tisa kasoro Esnath alikuwa shambani. Tangu Jumatano alikuwa anaikwepa saa hii kichwani, na sasa imefika na bado hajaamua. Hakuna aliyekuwa anamngoja. Sarah hakuahidi. Mwanakhamisi ameshajua bipu ile haikuwa yake. Kama angeshika jembe na kuziba tuta lililobomolewa na mvua, hakuna hata mtu mmoja kati ya Iringa na Mbeya ambaye angepungukiwa na kitu.

Alisimama na jembe mkononi kitambo. Kisha akaliegesha, akageuza ndoo, akaikalia.

Nawaambia wazi, hakikutokea kitu. Wapo watakaotaka niseme kwamba mbingu zilifunguka, na hata mimi ningependa. Alitaja wagonjwa. Alitaja watoto. Alimtaja Mwanakhamisi na Faraji, waelewane. Akaishiwa mapema kuliko siku zote, maana hata ile sababu aliyokuwa akijishikizia haikuwepo tena. Kwa hiyo akasema kitu ambacho hakuwa amewahi kukisema kwa sauti katika miaka hamsini na sita ya kulelewa kanisani.

"Nimechoka na wewe," akasema. "Unaniacha naongea peke yangu kama mwehu. Nimechoka."

Akaogopa, akangoja. Vyura wakaendelea. Malimi, mbali kidogo, alikuwa anasukuma matope kwa koleo. Upweke ulikuwa mkubwa kama bonde lenyewe, na Esnath alikaa katikati yake juu ya ndoo. Alipolia, ilikuwa ni kwa uchovu tu, na haikumletea amani yoyote. Saa yake haikuwa imekwisha, basi hakuondoka. Dakika zilizobaki alizikaa zote, moja moja.

Saa kumi akachukua simu. Asubuhi alikuwa ameweka vocha ya shilingi mia tano. Akapiga, akaiacha iite. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Dada," akasema Sarah. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na muziki wa duka la jirani.

"Nimemaliza."

Sarah akauliza, "Ilikuwaje?"

"Hakuna kitu, Sarah. Saa nzima. Nimemgombeza, nimelia, hajasema neno."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nakuambia ili ujue unachopokea."

Esnath akasikia mteja anauliza mchele wa Kyela, na Sarah akimwambia, mama naomba uje baadaye, nafunga kidogo. Akasikia mlango wa bati ukishushwa, mkwaruzo mrefu mpaka chini, na zile kelele za nje zikawa mbali. Gunia likalia kwa uzito wa mtu anayekaa. Hakuna aliyekata simu. Esnath aliibana sikioni kwa mikono miwili, akisikiliza pumzi ya mwenzake huko Uyole, hadi Sarah akaanza, polepole, kwa sauti iliyokwama kama ya mtu asiyejua kama mwenye nyumba yumo.

"Bwana, ni Sarah. Mimi sijui hata nianzie…"

Vocha ikaishia hapo.